Fimbo tatu za wawindaji wa Ugalla zinavyomaliza ugomvi wa mizani Bujumbura

ILIKUWA saa moja na nusu asubuhi, nje ya geti la Bandari ya Bujumbura. Vijana wawili walikuwa wamebeba mti mabegani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Katikati ya mti huo ilining'inia mizani, ile yenye uso wa duara kama saa, na chini ya mizani lilining'inia gunia la mchele la dada yangu.

Mshale wa mizani haukutulia. Kijana wa mbele akijitikisa, ulipanda hadi kilo 52. Wa nyuma akikunja goti, ulishuka hadi 46. Mnunuzi aliutazama kidogo, akaandika 46. Gunia la pili likaandikwa 46, na la tatu likaandikwa 46.

Dada alinigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Sema neno."

Siku hiyo sikuwa na neno. Huwezi kumwita mtu mwizi kwa sababu ya mshale unaocheza, kwa kuwa hata wewe hujui ungetulia wapi. Magunia yalikuwa 12. Dada alipokea fedha zake, akawalipa wabebaji, akanyamaza njia nzima hadi nyumbani. Mchele ule ulikuwa umetoka Katavi, ukapita Kigoma, ukavuka ziwa kwa boti, na sehemu ya mtaji ilikuwa ya mkopo.

Usiku ule nilikumbuka kitu kilicholala uvunguni mwa kitanda changu kwa miaka mingi: fimbo tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hazikutengenezwa kwa ajili ya mizani. Zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki.

Makala haya yanaeleza fimbo hizo ni kitu gani, zilinifikiaje, na namna gani wewe msomaji, hasa uliyerudi kutoka uhamishoni au unayeishi kwa biashara ya mpakani, unavyoweza kujitengenezea za kwako.

Kibarua cha baba mdogo

Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, wilayani Mpanda, mahali ambapo wakati huo palikuwa mkoa wa Rukwa na leo ni mkoa wa Katavi. Wazazi wangu walikimbia Rumonge mwaka 1972. Nilisoma shule za Tanzania, kwa Kiswahili, na huko huko nikasomea ualimu.

Ng'ambo ya mashamba yetu yalikuwapo mapori ya mto Ugalla. Enzi zile yalikuwa na vitalu vya uwindaji wa kitalii. Msimu ulifunguliwa Julai mosi na kufungwa mwisho wa Desemba, na katika miezi hiyo wageni walikuja na bunduki zao, wakiongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Baba yangu mdogo alipata kibarua huko misimu kadhaa. Kwanza ilimbidi apate kibali cha kutoka makazini, maana mkimbizi hakuruhusiwa kwenda atakako. Alianza kwa kuosha sufuria kambini, baadaye akawa mfuatilia nyayo, na mwishowe akawa ndiye anayebeba fimbo.

Kubeba fimbo kulikuwa kazi yenye heshima yake. Wawindaji walikwenda kwa mstari mmoja nyuma ya nyayo. Mnyama akionekana, mbeba fimbo alitangulia hatua mbili, akazifungua fimbo tatu, akazisimamisha bila kelele, kisha akarudi pembeni. Mgeni aliweka bunduki yake pale juu zinapokutana, akatuliza pumzi na kupiga. Yote hayo yalitakiwa kuisha kabla mnyama hajageuza kichwa.

Baba mdogo alitueleza sababu yake jioni moja, tukiwa tunapukuchua mahindi. Msimu mmoja mgeni alikataa fimbo. Alisema mikono yake inamtosha. Alimpiga nyati akiwa amesimama wima, mikono ikitetemeka kwa uchovu wa kutembea, na risasi ikaingia tumboni. Nyati akaingia kwenye matete. Mgeni alirudishwa kwenye gari anywe chai. Wafuatilia nyayo ndio waliobaki kumfuata nyati aliyejeruhiwa, hadi kesho yake mchana, na mmoja wao alivunjwa mbavu.

"Mgeni akipiga vibaya," alisema baba mdogo, "deni tunalipa sisi tuliovaa kandambili."

Ndiyo maana alitengeneza fimbo zake mwenyewe, na alizitunza kama mkulima anavyotunza jembe. Alinifundisha nikiwa darasa la sita. Bunduki sikuwahi kuishika na hata leo sijui kuipiga. Nilichojifunza ni kuitafutia mahali pa kutulia.

Kwa nini ziwe tatu

Wanafunzi wangu wa hisabati huniuliza swali hili, nami huwarudisha jikoni. Mama zetu huinjika chungu juu ya mafiga matatu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, wala mawili hayatoshi. Lakini jaribu kuweka manne juu ya ardhi isiyo sawa: moja litabaki chini kidogo na chungu kitayumba. Ncha tatu hugusa ardhi zote kwa pamoja, hata kama ardhi ina mashimo na mawe. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi, lakini meza ya miguu minne huwekewa kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja.

Wawindaji hutumia pia fimbo mbili zilizofungwa pamoja, hasa mtu anapopiga akiwa amekaa. Hizo ni nyepesi zaidi, ila huzuia kuyumba kwa upande mmoja tu. Mbele na nyuma bado mwili ndio unaozuia. Tatu husimama zenyewe hata ukiziachia, na hilo ndilo lililonifaa baadaye bandarini.

Swali la mpakani

Mwaka 2009 tulirudi. Wengi wa watu wa 1972 waliamua kubaki, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Familia yetu ilichagua kurudi. Baba mdogo alikuwa ameshazikwa Katumba. Katika mizigo yangu nilifunga vitabu, godoro, sufuria na zile fimbo zake tatu.

Mpakani askari kijana alizivuta kutoka kwenye mzigo. Aliniuliza kwa Kirundi ni za nini. Kirundi changu kilikuwa na lafudhi ya Mpanda, na akili yangu ilikuwa ya mwalimu asiyejua kudanganya. Nikamjibu, "Ni za kuegeshea bunduki."

Watu wote nyuma yangu walinyamaza. Msomaji akumbuke ule ulikuwa mwaka gani. Vita vilivyoanza 1993 vilikuwa vinamalizika, na FNL, kundi la mwisho la waasi, lilikuwa ndiyo kwanza linaweka silaha chini. Askari akaniuliza polepole, "Na bunduki yenyewe iko wapi?"

Mizigo yetu ilifunguliwa yote, hadi pamba ya godoro ikachunguzwa. Aliyetuokoa ni bibi mmoja tuliyesafiri naye kutoka Katumba. Alizichukua zile fimbo mikononi mwa askari, akazifungua pale chini, akatundika birika lake kwa kamba katikati. "Mwanangu," alimwambia, "huyu mwalimu ana maneno mengi. Haya ni mafiga ya safari." Askari alicheka, nasi tukapita.

Tangu siku ile fimbo zangu zilikaa uvunguni. Mtu aliyerudi hutazamwa kwa macho mawili mawili. Wengine walituita Watanzania, wengine walidhani tumekuja kudai mashamba yao, na baadhi yetu kweli tulikuwa na mashamba ya kudai. Sikutaka tena kuulizwa bunduki iko wapi.

Namna ya kuzitengeneza

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza kwanza fimbo nyepesi, zile za asili, ambazo leo zinafaa kuegeshea darubini au simu ya kupigia picha.

Chagua mianzi mitatu iliyonyooka, unene wake kama kidole gumba cha mtu mzima au zaidi kidogo. Mianzi ni myepesi na haipindi ovyo. Kama huna, miti michanga ya mkaratusi inafaa, ila ni mizito zaidi. Urefu wake upimwe kwa mwili wako: simama ukiwa umevaa viatu, fimbo ianzie ardhini na kuishia kwenye paji la uso. Ikiwa fupi utainama, na mtu aliyeinama hatulii. Ikiwa ndefu utaipunguza kwa kutanua miguu, hivyo ni heri izidi kuliko ipungue.

Unapokata mwanzi, kata chini kidogo ya kifundo ili mwisho wake uwe mgumu na usipasuke. Ukaushe kivulini kwa wiki tatu au nne, ukiugeuza kila siku. Ukiuanika juani utapasuka.

Laza fimbo tatu chini sambamba, ncha za juu zikiwa usawa mmoja. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate iwe ukanda mrefu wenye upana wa vidole viwili. Anza kufunga chini ya ncha kwa kipimo cha shubiri moja. Pitisha ukanda juu ya fimbo ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, kisha rudi vivyo hivyo, kama msukaji wa mkeka. Fanya hivyo mara tano au sita. Halafu zungusha mara mbili katikati ya fimbo na fimbo ili fundo libane, kisha funga mwisho.

Usikaze kupita kiasi. Ukivuta fimbo ya kati upande mmoja na zile mbili upande wa pili, fundo litajikaza lenyewe. Hii ndiyo faida ya mpira kuliko kamba: hubana fimbo zinapofunguka, na huzirudisha pamoja unapozikunja.

Zile shubiri za juu zizungushie kitambaa au mabaki ya tyubu. Wawindaji hufanya hivyo ili miti isigongane na kumshtua mnyama, na pia isikwaruze mti wa bunduki. Aidha, baba mdogo alisisitiza kwamba kinachoegeshwa pale ni sehemu ya mti iliyo chini ya mtutu, siyo mtutu wenyewe. Mtutu ukigusa kitu kigumu, risasi hupotoka.

Chini, kama utatembea kwenye udongo, acha ncha kavu au pigilia msumari uliokatwa kichwa. Kama ni kwenye saruji, vika kila mguu kipande cha mpira wa tairi. Bila hivyo miguu itateleza.

Fimbo zangu hazifiki kilo mbili zote kwa pamoja. Ukizikunja unazifunga kwa kipande cha tyubu na kuzitundika begani.

Kutoka bunduki hadi mizani

Narudi usiku ule wa magunia 12. Nilizitoa uvunguni, nikatundika mizani ya dada pamoja na ndoo ya maji. Mshale ulitetemeka mara moja, kisha ukasimama. Dada alikuja na taa, akautazama muda mrefu bila kusema.

Hata hivyo sikuthubutu kutundika gunia la kilo 50 kwenye fimbo za kuegeshea bunduki, na wewe usithubutu. Mianzi ya unene wa kidole itavunjika, na mtu anaweza kuumia. Nilitengeneza nyingine kwa kanuni zile zile lakini kwa nguvu tofauti. Nilitumia miti mitatu ya mkaratusi mkavu, unene wake kama mpini mnene wa jembe, urefu wake mita mbili na robo. Mahali pa ukanda wa mpira nilifunga kwanza kamba imara ya nailoni kwa msuko ule ule, mpira ukaja juu yake. Mizani haining'inizwi kwenye mpira. Inaning'inizwa kwenye kitanzi cha kamba au mnyororo kinachozunguka miti yote mitatu juu ya fundo. Chini nilifunga kamba kutoka mguu hadi mguu, ili isitanuke uzito unapoingia.

Gunia hunyanyuliwa na watu wawili, hutiwa kwenye ndoana, kisha huachiwa polepole. Linatosha kuwa juu ya ardhi kwa shubiri moja. Watu wote wanasogea nyuma. Mshale ukitulia, muuzaji na mnunuzi wanasoma pamoja.

Kabla ya hapo, mizani yenyewe ijaribiwe mbele ya wote. Tundika dumu tupu, soma uzito wake. Mimina maji lita 20 yaliyopimwa kwa chupa, soma tena. Tofauti inapaswa kuwa kilo 20, kwa kuwa lita moja ya maji ina kilo moja. Mizani isiyofika hapo haifai hata ikisimama imara kama mlima.

Mzigo uliofuata wa dada ulipofika, nilikwenda naye nikiwa nimebeba miti yangu begani. Mnunuzi alikuwa yule yule. Aliitazama, akauliza kama fimbo za Tanzania zina dawa ndani. Vijana wakacheka. Nikamwomba amimine maji yeye mwenyewe, asome yeye mwenyewe. Akamimina, akasoma.

Gunia la kwanza likasimama kwenye 49. Alizunguka upande wa pili, akachuchumaa, akalitazama tena. Likabaki 49. Magunia kumi na moja yalisoma hivyo hivyo. Kama mzigo wa kwanza nao ulikuwa hivyo, dada alipoteza kilo tatu kwa kila gunia, yaani kilo 36 kwa magunia 12.

Gunia la mwisho likasoma 47. Nilimwona mnunuzi akimtazama dada, na vijana wakimtazama dada. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajiandaa kuambiwa 49. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Andika 47. Nalo ni la kwangu."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyommaliza mnunuzi kuliko hesabu yangu. Alilipa, hakurudisha chochote cha mzigo wa kwanza, na dada hakudai. Lakini wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe akiomba nimtengenezee miti kama ile, kwa sababu naye hupimiwa na wengine anaponunua.

Sheria isisahaulike

Kuna jambo la kuonya. Sitaki makala haya yampe mtu yeyote hamu ya kuingia porini. Katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania nyama ya porini iliitwa "mchicha wa usiku", na shirika la TRAFFIC lilitumia jina hilo katika ripoti yake ya mwaka 2008. Tuliokulia uhamishoni tunajua njaa iliyolizaa jina hilo, na tunajua pia jamaa waliofungwa kwa sababu yake. Kuwinda bila leseni Tanzania ni kosa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Mapori ya Ugalla aliyotembea baba mdogo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, na katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa kitalii. Hapa kwetu, viboko wa Rusizi wanaopanda ufukweni usiku si mawindo ya mtu.

Kwa hiyo fimbo nyepesi za baba mdogo nazo zimepata kazi nyingine. Mara moja kila muhula huwapeleka wanafunzi Rusizi, kilomita chache kutoka mjini. Tunasimama mbali, tunaegesha darubini moja tuliyo nayo juu ya fimbo, na kila mmoja anahesabu viboko kwa zamu. Wakiishika mkononi kila mwanafunzi huja na idadi yake. Ikiegeshwa, hesabu zao hukaribiana.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulirudi na vitu ambavyo hatukuviandika kwenye fomu za mizigo: namna ya kushona, kuchoma matofali, kuendesha mtumbwi, kupanda tumbaku. Baadhi tulivificha kwa kuogopa maswali. Ukikaa na kitu kama hicho, kitoe ukitazame upya. Huenda sokoni au bandarini kuna mtu anayekihitaji bila kujua jina lake.

Wiki iliyopita nilipita nje ya geti la bandari nikakuta miti mitatu imesimama, mizani ikining'inia, na kundi la wafanyabiashara wameizunguka. Haikuwa yangu wala ya mnunuzi wetu. Kijana aliyekuwa akiisimamia aliniona nikiitazama fundo lake, ambalo lilikuwa limelegea kidogo. Nikamwomba ruhusa, nikalikaza. Akaniuliza kama na mimi ni fundi wa mafiga.

Nikamjibu ndiyo. Habari za bunduki sikumwambia.